Siku Wazee Walipokaza Mashavu

Penye wazee huharibika jambo. Najua shuleni mlifundishwa kinyume chake. Na mimi nilifundishwa hivyo hivyo, nikaandika kwenye mtihani, nikapata alama zote. Lakini Kamati ya Maadili ya Ngozi imenijulisha, kwa barua yenye mihuri mitatu, kwamba jambo la taifa limeharibika, na kwamba pale lilipoharibikia palikuwa na wazee elfu arobaini. Kamati haiwezi kukosea. Basi methali ndiyo iliyokosea.

Kamati imeniagiza niandike maelezo ya tukio zima "kwa lugha nyepesi, bila kejeli, na kwa heshima zote." Nitajitahidi. Nchi yenyewe sitaitaja. Wenyeji wanaijua, na wageni hawajaiulizia. Mimi ni mwandishi wa lugha sanifu katika Wizara ya Mashavu na Paji la Uso. Nina stashahada ya Kiswahili, na kazi yangu ni kuchukua jambo dogo na kuliandika mpaka liwe zito. Waraka wa Wizara unakataza neno lolote la jikoni au la barazani kuonekana kwenye karatasi ya serikali. Hapa kwetu mtu hali, anapata mlo. Hafi, anasitisha uhai. Naomba msomaji aukumbuke waraka huo, kwa sababu Kamati imeusahau.

*

Yote yalianza na shada la maua.

Picha ya Mtukufu Mlezi wa Taifa hutundikwa katika kila ofisi, kila duka na kila chumba cha kujifungulia, ili mtoto akifumbua macho amwone yeye kabla ya mama yake. Ilipigwa miaka ishirini na mmoja iliyopita, siku Mtukufu alipotimiza miaka sitini. Tangu hapo ametimiza miaka sitini kila mwaka, bila kukosa, nasi tumesherehekea.

Siku moja alikwenda kuzindua shule ya msingi. Binti wa darasa la pili akapewa maua ampelekee. Binti akamtazama Mtukufu aliyesimama mbele yake. Akaitazama picha ukutani. Akamtazama tena Mtukufu. Kisha akasema kwa adabu zote, "Shikamoo babu, naomba kupita," akampita, akavuta kiti, akapanda, akaichomekea maua ile picha.

Mtukufu hakukasirika. Mtukufu huwa hakasiriki. Ni shule tu iliyobadilishwa matumizi, na leo ni zizi zuri la mbuzi wa maziwa.

Wiki iliyofuata aliletwa mtaalamu wa uso kutoka ng'ambo. Mtaalamu alieleza kwamba chini ya ngozi ya uso pana misuli, kama ile ya mapaja, na kwamba misuli isiyofanya kazi husinyaa, ngozi ikabaki inaning'inia kama pazia lililopoteza kamba. Tiba yake ni mazoezi: kujaza mashavu upepo na kuuhamisha kulia na kushoto, kupandisha nyusi huku vidole vikizizuia, kuchongoa midomo na kuhesabu hadi ishirini. Nusu saa kwa siku, miezi mitano mfululizo, na kwa baadhi ya watu mashavu hujaa kidogo. Alisema "baadhi" na alisema "kidogo." Maneno hayo mkalimani aliyaacha ili kuokoa muda.

Jumapili Mtukufu akalihutubia taifa redioni.

"Ndugu wananchi! Nimegundua. Adui wa taifa hili si ujinga, si maradhi, si umaskini. Hao nilikwisha kuwashinda, na anayewaona bado akapimwe macho. Adui aliyebaki ni mkunjo! Mkunjo ni malalamiko yaliyoandikwa usoni bila kibali. Raia mwenye furaha hakunjiki!"

Sheria ikapita siku hiyo hiyo, kabla ya chakula cha mchana. Kila raia mwenye miaka hamsini na tano na kuendelea afanye Mazoezi ya Uso saa moja asubuhi, ngoma ya redio inapolia. Mikunjo isizidi kumi na miwili kwa kila uso. Wanaozidisha wapelekwe Kituo cha Unyooshaji, wakakae huko mpaka wanyooke.

Kwa hiyo sokoni, saa moja asubuhi, ukiuliza bei ya nyanya ulijibiwa na mashavu mawili yaliyojaa upepo, nawe ulipaswa kusubiri. Katika mahakama ya mwanzo, hakimu mmoja wa makamo alikuwa katikati ya zoezi la nyusi wakati shahidi anatoa ushahidi dhidi ya mwizi wa kuku. Shahidi alipoona hakimu anazidi kushangaa, akaanza kujitilia shaka mwenyewe. Akakiri kwamba huenda hakuona vizuri, kisha akakiri kwamba huenda hata kuku hakuwepo. Mwizi akaachiwa huru. Mpaka leo anafanya mazoezi ya uso kwa imani kubwa, ingawa ana miaka thelathini.

*

Mume wetu walimchukua Jumanne.

Nasema "mume wetu" kwa sababu Bibi Zuwena, aliyemzaa mama yangu, ananiita mke mwenzake tangu nikiwa na siku saba, na Babu Mbwana ananiita mke mdogo. Wao ndio walionilea. Tumeishi watatu katika nyumba moja kwa wivu wa kupendeza.

Babu ni fundi saa. Kwa miaka hamsini amebana kioo cha fundi kwenye jicho la kulia, na upande huo una mikunjo kama miale ya jua aliyoichora mtoto. Upande wa kushoto ni wa kucheka tu. Ana mzaha mmoja maishani, nao ni huu. Kila asubuhi mezani Bibi humwuliza, "Mbwana, saa ngapi?" Naye hujibu, "Saa yangu? Iko kwa fundi!" Kisha hucheka peke yake mpaka chai ipoe. Mzaha huo una umri wa miaka hamsini na mmoja, sawa na ndoa yao.

"Hodi humu," ikasema sauti mlangoni.

"Karibu, baba, kama una habari njema," Bibi akajibu. "Kama huna, jaribu nyumba ya pili."

Akaingia kijana mrefu mwenye shati lililonyooka na rula ya bati. Kwenye kifua chake palikuwa na jina: Ngwembe, Afisa Mnyooshaji.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee. Natoka Wizarani. Nimekuja kupima."

"Kupima nini? Kiwanja?"

"Uso, mama."

"Haya! Na uso nao siku hizi una hati?"

Afisa Ngwembe akainua rula. Akamwekea Babu rula kwenye paji la uso na kuanza kuhesabu kwa sauti. Alipofika jicho la kulia akaomba kiti.

"Hamsini na nane. Hamsini na tisa. Mzee, usicheke, unaniongezea kazi."

"Unanitekenya, mwanangu."

"Sitini. Mzee, nakuomba. Sitini na moja." Akafunga daftari. "Kiwango ni kumi na miwili. Una ziada ya mikunjo arobaini na tisa. Kuanzia sasa uko chini ya ulinzi wa ngozi."

"Nimalizie chai yangu?"

"Chai ya moto inakunja mdomo, mzee."

Ndipo afisa akamgeukia Bibi, akampima. Akampima tena. Akaifuta rula kwenye suruali, akampima mara ya tatu. Uso wa Bibi Zuwena, mwenye miaka sabini na minne, ulikuwa na mikunjo mitatu, na mmoja kati ya hiyo ulikuwa kovu la kuanguka kisimani.

"Mama," akasema Ngwembe, na sauti yake ikapungua cheo, "unafanya zoezi gani?"

Bibi alikuwa anatazama nje, mumewe akisaidiwa na dereva kupanda gari la Wizara. Babu alichungulia dirishani na kunipungia. "Mke mdogo! Mwambie mwenzio chai yangu asiimwage!"

Bibi akasonya.

Niseme tu ulivyokuwa. Msonyo ule ulianza Babu akirudisha kichwa ndani ya gari, ukaisha gari likikata kona. Afisa Ngwembe, kabla ya kulikimbilia, aliandika kwenye daftari lake: "Hakutoa ushirikiano."

Masikini. Alikuwa amepewa jibu kamili.

Kwa sababu Bibi husonya. Husonya taarifa ya habari inapoanza, na husonya inapoisha. Husonya umeme unapokatika na unaporudi. Mimi mwenyewe nilihesabu siku moja nikafika arobaini na tatu kabla ya adhuhuri, na hiyo haikuwa siku ya bajeti. Miaka sitini ya kazi hiyo, mashavu yakivutwa ndani na kuachiwa! Mtaalamu wa ng'ambo angelia kwa wivu. Na mwanamke huyo huyo, asubuhi iliyofuata, alimimina vikombe vitatu vya chai, akakitazama cha tatu mpaka kikapoa. Hakuuliza saa.

*

Wizarani hali ilikuwa mbaya. Siku ya Mashavu, sikukuu mpya ya taifa, ilibakiza wiki sita. Mtukufu angehutubia uwanja mzima wa wazee walionyooka, mbele ya mabalozi, lakini wazee walikuwa hawajanyooka. Mtaalamu alikuwa ameondoka akidai kwamba nchi yetu inamkunja. Ndipo taarifa ya Afisa Ngwembe ilipofika mezani kwa Waziri, Mheshimiwa Tindwa: mwanamke mmoja, miaka sabini na minne, mikunjo mitatu.

Bibi akaitwa. Alivaa kanga yake nzuri na kukaa kwenye kiti cha wageni kama mtu aliyekuja kukinunua.

"Mama yetu," akaanza Waziri, "taifa linakuhitaji."

"Taifa limemchukua mume wangu. Sasa linataka na mimi? Lina tamaa."

Waziri akacheka kidogo, akakumbuka sheria, akaacha. "Tunaomba siri ya uso wako, mama."

"Mnirudishie mzee wangu."

"Atarudi! Siku ya Mashavu, uwanjani, hadharani, awe zawadi kutoka kwa Mtukufu. Neno langu."

"Neno lako liandikwe. Na aliandike mke mwenzangu."

Waziri akazungusha macho kumtafuta mke mwenza, akaniona mimi na faili langu.

Nikaandika makubaliano, kurasa tano. Katikati ya ukurasa wa tatu niliweka kifungu hiki: "Aidha, mhusika akisharejea kwake hatachukuliwa tena na mamlaka yoyote, kwa sababu yoyote itokanayo na kucheka, kutabasamu, kukumbuka au kuulizwa saa." Mheshimiwa alisoma mwanzo, akatia sahihi mwisho. Katikati ya waraka ni mahali salama kuliko pote nchini mwetu.

"Haya, mama. Siri."

"Siri yangu haisemwi, Mheshimiwa. Inaandikwa. Mwenye kalamu huyo hapo."

Nami nikatimiza wajibu wangu. Hii hapa, neno kwa neno, kama ilivyotoka mkononi mwangu:

"Zoezi la Tisa: Mvuto wa Ndani. Mtendaji aibandike ncha ya ulimi nyuma ya meno ya mbele ya juu. Akaze mashavu yote mawili. Kisha avute hewa kwa mfululizo kupitia mwanya uliobaki, kwa namna itakayotoa sauti nyembamba yenye kudumu. Muda: sekunde nne."

Msomaji anaweza kujaribu, taratibu, kama hakuna mkubwa karibu.

Andiko hilo lilipita ofisi saba. Katika ofisi zote saba hakuna hata mtu mmoja aliyelijaribu. Wadogo hujaribu, wakubwa hupitisha. Kitengo cha Viwango kiliona sekunde nne ni chache kwa hadhi ya taifa, kikaandika sita. Kurugenzi ya Midomo ikalalamika kwamba mdomo wa chini umesahauliwa, ikaelekeza usukumwe mbele na ubetuliwe upande mmoja. Kurugenzi ya Macho haikukubali kuachwa nyuma. Iliagiza kwamba wakati wa Mvuto, mtendaji apandishe macho mbinguni, kisha ayashushe polepole juu ya mtu aliye mbele yake, kuanzia utosini hadi kwenye viatu, "kwa afya ya kope."

Haya mimi sikuyaomba. Naapa mbele ya Kamati. Mimi nilipanda mbegu, serikali ndiyo iliyomwagilia.

Mratibu wa Sherehe naye akaja na lake. Kwa kuwa muda ni mfupi, akashauri, zoezi lifanyike wakati wa hotuba yenyewe, kila Mtukufu anapomaliza sentensi, badala ya makofi. "Makofi," aliandika, "hayakazi shavu."

Kijitabu kilipokuwa tayari, Waziri akaweka jina lake juu ya jalada. Ikulu ikaliondoa ikaweka la Mtukufu. Kikapelekwa kiwandani kuchapwa, na kama ilivyo kwa kila kitu cha serikali yetu, kikatoka asubuhi ya siku yenyewe, wino ukiwa bado mbichi.

*

Wazee elfu arobaini waliletwa uwanjani kwa malori. Kila mmoja alipewa langoni chupa ya maji na kijitabu. Mimi nilikuwa nimeketi karibu na jukwaa kuu, na Bibi alikuwa safu ya mbele, pembeni yake shoga yake wa siku nyingi, Bi Mashavu Kombo, mkunga mstaafu. Jina hilo alipewa na wazazi wake; Wizara haihusiki.

"Zuwena, hebu nisomee hapa ukurasa wa nne. Naona miwani inanidanganya."

"Miwani yako nzima, shoga."

Bi Mashavu akasoma tena huku midomo ikicheza. Akaibandika ncha ya ulimi. Akakaza mashavu. Akavuta kidogo tu, sauti ya panya. Akakodoa macho.

"Zuwena! Huu si..."

"Ndio wenyewe."

"Na ni amri?"

"Na muhuri juu."

"Na macho nayo? Toka utosini?"

"Hadi kwenye viatu, shoga. Ni afya ya kope."

Bi Mashavu akakikumbatia kijitabu. "Nimeingoja siku hii tangu uhuru," akasema, akamgeukia aliyekaa nyuma yake. Aliyekaa nyuma akamgeukia wa nyuma yake. Nikauona ujumbe ukipanda jukwaa la magharibi, ukizunguka, ukishuka la mashariki. Hakuna aliyecheka. Kucheka kunakunja.

Mtukufu akaingia. Plasta mbili nyuma ya masikio zilikuwa zimeivuta ngozi yake hata akaonekana kushangazwa na kila kitu, hata kiti chake. Akasogea kwenye kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Mimi ni mtumishi wenu mnyenyekevu!"

Akanyamaza kidogo, kama alivyozoea, kungoja makofi.

Wazee elfu arobaini wakabandika ulimi nyuma ya meno.

Mfyuuuuuuuu!

Sekunde sita kamili. Fikiria matairi elfu arobaini yametobolewa kwa msumari mmoja. Njiwa waliokuwa juu ya paa la uwanja wakahama, na sijasikia kwamba wamerudi. Nikamwona Waziri Tindwa akifungua kijitabu kwa mikono miwili, akisoma ukurasa wa nne, akiweka ulimi mahali pake, akivuta. Kwa mara ya kwanza akasikia alichotia sahihi. Mikunjo ikamtoka palepale. Nilihesabu tisa.

"Nini hiyo?" akauliza Mtukufu, na kipaza sauti kikauliza pamoja naye, nchi nzima, moja kwa moja redioni.

"Ni... ni Zoezi la Tisa, Mtukufu. La kitabu chako," Waziri akajibu.

"Niliandika hivyo?"

"Kwa mkono wako, Mtukufu."

Mtukufu akafikiri. Kumkana mwandishi ilikuwa ni kujikana. "Basi ni zuri," akasema. "Tuendelee. Ndugu wananchi! Leo hii kila kijiji kina maji safi!"

Mfyuuuuuuuu!

"Uchaguzi uliopita nilipata kura zote, na nyingine zikabaki!"

Hapa macho yalipanda mbinguni, yakashuka. Jozi elfu arobaini za macho, polepole, kutoka kwenye kofia ya Mtukufu hadi kwenye viatu vyake. Mtukufu mwenyewe akajikuta anatazama viatu vyake. Pembeni yake Mama wa Taifa, aliyekuwa ameketi kimya kwa miaka yote ya uongozi wa mumewe, alikuwa naye anafanya zoezi. Lazima niseme ukweli: alilifanya kwa ufundi mkubwa, bila kutazama kijitabu. Ilionekana si mara yake ya kwanza.

Mtukufu akajaribu sentensi ndogo, isiyo na madai yoyote.

"Asanteni."

Mfyuuuuuuuu!

Akaketi. Hotuba yake ya mwaka uliotangulia ilichukua saa nne na watu kumi na wanane wakazirai. Hii ilikuwa na sentensi nne, na hakuna aliyezirai isipokuwa Mratibu wa Sherehe. Balozi mmoja alisimama na kupiga makofi. Akaomba nakala kumi na mbili za kijitabu, akisema hajawahi kuona wazee wenye nidhamu kiasi hiki.

*

Makubaliano ni makubaliano. Mshereheshaji, akitafuta jambo lolote la kujazia ukimya, akatangaza kwamba sasa Mtukufu anamkabidhi Bibi Zuwena zawadi yake. Wakamleta Babu Mbwana kutoka kwenye hema la Wizara. Afisa Ngwembe alikuwa amemshika mkono.

Sikumtambua. Uso wake ulikuwa laini kama shati lililotoka kwa dobi. Wiki sita walimkataza kucheka. Kila asubuhi walimfunga vitambaa kwenye paji la uso na kumbandika plasta kwenye mashavu. Miale ya jua haikuwepo. Upande wa kushoto haukuwepo. Mtu aliyesimama pale angeweza kuwa babu wa yeyote. Alimtazama Bibi kama unavyomtazama mtu uliyepanda naye basi moja zamani.

"Yuko chini ya kiwango," Afisa Ngwembe akasema kwa sauti ndogo. "Mikunjo minne tu." Akasema kama mtu anayetoa habari za msiba.

Nikataka kulia. Kulia kunakunja, nikajizuia, kisha nikakumbuka mimi nina miaka ishirini na minne, nikalia.

Bibi hakulia. Alimzunguka mumewe mara moja kama anayekagua mzigo uliorudishwa kutoka bandarini.

"Wamekupiga pasi, Mbwana," akasema.

Babu akaendelea kumtazama vile vile.

"Chai yako sikuimwaga. Niliipasha kila siku. Sasa imekuwa dawa ya mende."

Uso ule laini haukutikisika.

Basi Bibi akasimama mbele yake kabisa, mikono kiunoni, na kumwuliza, "Mbwana. Saa ngapi?"

Uwanja mzima ulinyamaza, kwa sababu safu ya mbele ilikuwa imenyamaza na waliobaki walidhani ni zoezi jipya. Midomo ya Babu ikatikisika. Ikafunga. Ikajaribu tena.

"Saa yangu?" akasema, kwa sauti yenye kutu. Akatazama pembeni, akamwona afisa, akaiona rula. Kisha akamtazama mkewe. "Saa yangu... iko kwa fundi."

Bibi akasonya.

Haukuwa msonyo wa taarifa ya habari. Wala si wa umeme. Huu ulikuwa mfupi, wa mezani, wa asubuhi, ule ambao mwanamume huyu ameusikia kwa miaka hamsini na mmoja baada ya mzaha ule ule, ambao bila huo mzaha haujaisha. Na uso wa Babu ukapasuka. Kwanza jicho la kulia, miale yote kwa pamoja, kisha upande wa kushoto, kisha paji, kisha mahali ambapo hata sikujua pana ngozi ya kukunjika. Alicheka mpaka akamwegemea Afisa Ngwembe, na Afisa Ngwembe akaegemea nguzo.

"Pima!" Waziri akapiga kelele kutoka jukwaani. "Mpime huyo!"

Ngwembe akaitazama rula yake. Akaiweka chini, kwa uangalifu, akaikalia.

Nikapima mimi, kwa macho. Sitini na miwili. Ule wa ziada, karibu na mdomo, haukuwepo Jumanne ile. Bibi anasema ni wake.

*

Jana Kamati iliniita. Mwenyekiti alikuwa na kijitabu mbele yake, amekifunika kwa leso.

"Binti, ulijua kwamba ule ni msonyo?"

"Nilijua ni Mvuto wa Ndani, Mwenyekiti. Ndivyo mlivyoupitisha."

"Usituchezee. Kwa nini hukuandika neno lenyewe?"

"Ni neno la barazani, Mwenyekiti. Waraka unakataza."

Akakohoa. Wajumbe wakakohoa kwa utaratibu wa vyeo.

Nawaonea huruma, kwa kweli. Kijitabu hakiwezi kufutwa, maana mwandishi wake hakosei. Na hakiwezi kuachwa, maana siku hizi saa moja asubuhi, ngoma ya redio inapolia, wazee wote wa nchi husimama mbele ya picha ya Mtukufu na kutii sheria, macho toka utosini. Baya zaidi, Afisa Ngwembe ameripoti kwamba mashavu yameanza kukaza. Babu hawawezi kumchukua tena. Wamekisoma sasa kile kifungu cha ukurasa wa tatu, wamekisoma mara nyingi. Mtukufu hakukosea. Waziri hakukosea. Ofisi saba hazikukosea. Nimebaki mimi. Nikiomba radhi, nitahamishiwa idara ya mbuzi. Nisipoomba, nitafukuzwa, na stashahada yangu itatangazwa kuwa haikuwahi kutolewa.

Mwisho wa fomu hii pameachwa mistari mitatu yenye nukta, na juu yake pamechapwa: "Naomba radhi kwa sababu..."

Naandika mezani nyumbani. Babu anacheka kitu chake. Bibi amekuja nyuma ya kiti changu na kikombe cha chai, ameinamia begani.

"Mke mwenzangu, unaandika nini muda wote huo?"

"Maelezo, Bibi. Nimebakiza mistari mitatu ya kuomba radhi."

Alitoa tu ushauri wake, sekunde sita kamili, kisha akanisogezea chai.

Kamati iliomba lugha nyepesi. Basi hii hapa, nyepesi kuliko zote nilizowahi kuiandikia serikali. Mistari yenu mitatu nairudisha mitupu. Siombi radhi.